Shemeji Alipimwa Korona kwa Jina la Mume Wangu

Kosa ni langu. Naliweka hapa mbele kabisa, ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, na ndiyo inayonichoma hadi leo.

Mimi ni mama wa Kikongo, kwetu ni Kivu ya Kusini. Naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nauza vitenge sokoni. Majina ya watu nimeyabadilisha, maana wengine bado tunasali nao kanisa moja, na hawajui haya unayoyasoma.

Ilikuwa kipindi kile cha korona, lokdauni imelegezwa kidogo, watu wanaanza kutembea tena huku wamefunika pua. Kaka yangu Eliya alipata jibu alilolingoja kwa miaka: yeye, mke wake Furaha, watoto wao na mama yetu mzazi wamekubaliwa kwenda kuishi ng'ambo. Faili langu na la mume wangu Zakayo lilikuwa bado. Ndiyo kusema, Mama angeondoka na sisi tungebaki. Kwa umri wake, sote tulijua kwamba tukishaagana hatutaonana tena. Hakuna aliyelitamka. Tulikuwa tunazungumza habari za makoti ya baridi na viatu vya watoto.

Basi jioni moja tunachambua maharage uani, Furaha akamuuliza Mama kuna kitu gani angependa kufanya kabla hajaondoka. Mama alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, baba yake alikuwa mvuvi. Kila mara aliyopanda boti ukubwani ilikuwa ni kukimbia vita, watoto mgongoni, risasi nyuma. Mama akasema, "Miye napenda nipande boti mara moja tu bila kukimbia mutu."

Eliya alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Nikasema hilo niachieni mimi.

Hapa Nakivale ziwa lipo, lakini lina viboko, na mitumbwi yake ni ya wavuvi. Nilikuwa nimesikia kwamba mjini Mbarara, kule Nyamityobora, kuna ofisi ndogo inayopeleka familia Ziwa Bunyonyi, upande wa Kabale. Mnapanda boti ya injini, mnazunguka visiwa, mnalala kisiwani, kesho yake mnarudi. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda.

Dada wa pale ofisini alikuwa msichana mpole, mwenye kusema polepole. Alinieleza masharti yao ya korona moja baada ya jingine. Boti inabeba familia moja tu, na viti nusu vinabaki wazi. Kila mtu apimwe Mbarara kabla ya safari. Barakoa, ile sisi tunaita kashne, isitoke usoni. Mkifika gatini mnapimwa joto. Wazee wakae mbele kwenye upepo. Na mapazia ya pembeni mwa boti yasishushwe hata mvua ikinyesha, ili hewa ipite.

Akaniomba nimrudishie maneno yote, ahakikishe nimeelewa. Nikayarudisha bila kukosea. Ndiyo maana leo siwezi kusema sikujua.

Nilirudi kambini nimevimba kichwa. Sokoni nilimweleza kila mteja. Kanisani akina mama wakaanza kuniita Mama Boti, na mimi nilipenda. Nilikata kitenge kimoja, nikawashonea wote sare, mpaka mtoto wa mwisho wa Eliya. Nilikuwa nimeshaiona ile picha: Mama katikati, sisi tumemzunguka, maji nyuma. Picha ambayo angeitundika ukutani huko aendako, wageni wakimuuliza aseme, binti yangu ndiye aliyenifanyia hivi.

Safari ikiwa imekaribia, Zakayo alikwenda Rugaaga kumzika mtu aliyekuwa akichunga naye ng'ombe. Msiba ulikuwa na watu wengi, wamebanana ndani ya nyumba kwa sababu ya mvua. Aliporudi, hazikupita siku nyingi akaanza kuumwa mwili. Kisha kikohozi, kile kikavu, kinachotoka chini kabisa ya kifua.

Mume wangu si mtu wa maneno. Alichukua mkeka wake mwenyewe akahamia kile chumba tunachowekea mahindi. Nilipompelekea chai alinizuia mlangoni, akasema, "Mama Neema, muende tu. Miye nitabakia na mbuzi."

Ningemsikiliza mtu yule!

Nilimwambia ni vumbi la mahindi. Lakini moyoni sikuwaza vumbi. Niliwaza kwamba akienda kupimwa na kukutwa nayo, wote tunaoingia boma lile tutaambiwa tukae ndani. Boti itachukuliwa na wengine, na Mama ataondoka kabla hatujapata nafasi nyingine. Na nikimwacha nyumbani, Eliya atauliza kwa nini. Eliya ni mtu mwoga wa magonjwa, na wakati ule alikuwa na haki ya kuogopa. Angesikia tu neno kikohozi, angefuta kila kitu.

Kwa hiyo ilibidi Zakayo awe mzima. Nikamfanya mzima.

Ana mdogo wake, Daudi, kijana mwenye kimo chake na macho yake. Nilimlea tangu tulipovuka mpaka, hajawahi kunikatalia jambo. Nikamwita, nikampa kitambulisho cha kaka yake, nikamweleza. Alikigeuzageuza kitambulisho.

"Shemeji," akasema, "na kama iko nayo kweli?"

"Haiko nayo," nikamjibu. "Ni vumbi."

Mama na jamaa ya Eliya walikwenda kupimwa asubuhi. Mimi nilipanga twende mchana, ili wasikutane na Daudi. Kwenye foleni wote tulikuwa macho tu, nyuso zimefichwa. Muuguzi alitazama kitambulisho, akatazama macho ya Daudi, akamwelekeza kwenye kiti. Aliposhusha kashne apimwe pua, kitambulisho kilikuwa kimeshawekwa kando. Alitoka machozi yanamtiririka, kama yanavyomtoka kila mtu aliyepimwa vile. Lakini hakunitazama, na alirudi kambini peke yake, hakutaka tupande pamoja.

Majibu yalikuja kwenye simu. Wote safi. Jioni kwenye maombi nilisimama nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya Mama, mbele ya wote. Zakayo hakusema amina.

Siku ya safari gari la ofisi lilitungojea Ruti, kwenye barabara ya Kabale. Kabla hatujatoka nilimnywesha Zakayo chai ya tangawizi, nikampa vidonge vya kushusha homa, na njiani nikampa vingine, ili kile kipimo cha joto kisimkamate. Alivimeza. Nadhani alikuwa amechoka kubishana na mimi. Na alimpenda Mama kama mzazi wake. Gatini walituelekezea kipimo mmoja mmoja kwenye paji la uso. Alipita.

Sijui nikuelezeje ziwa lile. Vilima vimelizunguka, vimelimwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, na ukungu umekaa juu ya maji kama haujaamua kuondoka. Maji yake ni meusi. Mwendesha boti, nitamwita Byamukama, alituambia ni refu kwenda chini, mtu hawezi kulijua mwisho wake. Watoto wakajibana kwa Furaha. Mama peke yake ndiye hakuogopa. Alivua kiatu, akaingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akaketi mbele kabisa, akatia mkono majini. Tulimwona anatabasamu kwa macho.

Zakayo alikwenda kukaa nyuma, mbali na wote. Alijikaza. Kila kikohozi kilipomjia alikimeza, na mimi nilikuwa naona shingo yake inavyotetemeka.

Hatukuwa tumefika mbali mvua ikaja. Ile ya huko haipigi hodi. Upepo uliitupa ndani ya boti kutoka pembeni, watoto wakakimbilia katikati, na Mama akaanza kutetemeka. Nikamwambia Byamukama ashushe mapazia.

Alikataa. Alikuwa Mkiga, mtu mzima wa makamo, Kiswahili chake cha Uganda, na mimi aliniita nyabo, yaani mama. "Nyabo, sheria inakataa," akasema. "Pazia hapana shusha."

Nikamuuliza kama anataka mama yangu afe na baridi. Alimtazama Mama. Akavua koti lake, akaja akamfunika nalo mabegani, akalifunga vifungo yeye mwenyewe. Kisha akashusha mapazia, upande huu na upande ule, na Zakayo naye akasogezwa na mvua mpaka katikati yetu.

Ndani kukawa na joto na giza. Tulikaa tumebanana, magoti kwa magoti. Hapo ndipo Zakayo alishindwa. Alikohoa, akakohoa, akashika bomba la boti, akakohoa mpaka kashne ikamtoka puani.

Byamukama aligeuka. "Huyu muzee anakohoa mingi," akaniambia. "Nyinyi mulipima kweli?"

Wote walimtazama Zakayo. Niliona anafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema, naapa alikuwa anataka kusema. Nikamwahi.

"Tulipimwa wote. Wote tuko wazima. Ni vumbi la mahindi."

Zakayo akafunga mdomo. Byamukama akaitikia kwa kichwa. "Asante, nyabo. Mimi iko na watoto nyumbani, ndio nauliza." Akarudi kwenye injini yake.

Tulilala kisiwani. Asubuhi jua lilitoka, picha ikapigwa. Mama alinishika mkono akaniambia sasa anaweza kwenda. Mimi nilielewa anasema habari za ndege.

Tulikuwa tumesharudi Nakivale Mama alipoanza kukataa chakula. Akasema ni uchovu wa safari. Eliya na jamaa yake walipimwa tena kwa ajili ya kuondoka, wakakutwa nayo, yeye na Furaha. Safari yao ikasimamishwa palepale. Na Mama akaanza kupumua kama mtu aliyepanda mlima, amekaa kitandani.

Alipelekwa hospitali Mbarara, wakamwekea hewa ya mtungi. Hatukuruhusiwa kuingia. Muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri alimshikia simu sikioni ili nizungumze naye. Nilimwambia atapona, nilimwambia nguo zake nimezifua. Alikuwa anasema neno, anapumzika, anasema jingine. Aliniuliza, "Na Zakayo, kile kikohozi kilimutoka?"

Nikamwambia kilimtoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, ambao hawakumjua. Sisi tulisimama mbali. Hatukumwosha, hatukukesha, hakuna matanga. Mchungaji alipaza sauti kutoka barabarani na upepo ukachukua nusu ya maneno. Mama yangu, ambaye kwake hakuna mtu aliyewahi kuzikwa bila yeye kuwepo kupika!

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Yale ya mwanzo ni uzembe na kiburi. Hili ni lingine.

Watu wa afya walikuja kuuliza ugonjwa umetoka wapi. Wakaona sote tulipimwa Mbarara, sote safi, na Zakayo miongoni mwetu. Wakapiga simu Bunyonyi, mwendesha boti akapimwa, naye akakutwa nayo. Hapo Eliya alikumbuka lile koti. "Ni ile koti," akasema. "Alimufunika nayo Mama mwili muzima." Furaha akalia. Majirani wakasema watu wengine hawana huruma, wanaumwa na bado wanabeba abiria.

Sikusema ni yeye. Niliwaacha waseme, nikainamisha kichwa, wakadhani ni uchungu.

Zakayo alikuwa bado dhaifu. Siku alipopata nguvu ya kusimama aliniambia anakwenda kusema ukweli. Nikamzuia mlangoni. Nilimwambia Daudi atafungwa, na faili la Eliya litatupwa, wataonekana jamaa ya wadanganyifu, na watoto wale watazeekea kambini kwa sababu yake. Labda ilikuwa kweli. Lakini sikuwa namtetea Daudi wala watoto. Nilikuwa najitetea mimi, na Zakayo alilijua hilo. Alirudi akaketi. Tangu siku ile hajashiriki meza ya Bwana. Watu kanisani wanadhani ni korona iliyomwacha na udhaifu.

Eliya aliondoka baadaye, faili lilipofunguliwa upya, kiti cha Mama kikiwa kitupu. Daudi alihamia Kampala, simu zangu hapokei. Kila Eliya anapopiga, mazungumzo hayaishi bila kumtaja yule mtu wa boti. Anasema anajaribu kumwombea, lakini ni vigumu. Mimi namjibu, Mungu atakusaidia.

Mwaka huu nilishindwa. Nilimuaga Zakayo nikasema nakwenda Kabale kutafuta viazi. Nilikwenda mpaka gatini, nikamuulizia Byamukama. Waliniambia alikwishaacha boti. Habari zilienea kwamba ndiye aliyeua bibi wa wakimbizi, abiria wakakataa kupanda naye, ofisi ikamwambia apumzike. Hata mke wake aliwahi kurudi kwao na watoto kwa muda, kwa sababu watu walikuwa hawachoti maji nao.

Nilimkuta kilimani, analima shamba la mtu. Alinitambua kabla sijasema neno. Aliacha jembe, akavua kofia, akasimama palepale mbali, kama tulivyokuwa tunasimama enzi zile.

"Nyabo," akasema, "mimi nilitaka kuja Nakivale, nikakosa njia. Mimi nilikuwa nasikia mwili iko na nguvu, sikujua iko na ugonjwa. Ile koti nilitoa na roho nzuri. Mimi niliua mama yako. Nisamehe."

Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Mbarara. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilimwangalia mtu mzima yule, kofia mkononi, udongo mpaka magotini, na unajua nilimjibu nini?

Nilimwambia, "Nimekusamehe."

Alilia. Nyumba yao ilikuwa chini tu ya shamba; alimwita mke wake atoke aje asikie. Yule mama alinipigia magoti, akanishukuru, akaniambia tangu wakati ule mume wake hajalala vizuri. Wakanijazia kikapu cha viazi. Nikakipokea, nikakibeba mpaka nyumbani.

Zakayo aliniuliza kama nimemwambia. Kumbe alijua tangu nilipoaga ninakokwenda. Nikaweka kikapu chini. Alitazama vile viazi, hakula, na hajala hata kimoja. Aliniambia, "Kama hauendi kumuambia, nitaenda miye. Na nitaanzia kanisani."

Kwa hiyo tunakwenda, yeye na mimi. Ruhusa ya kutoka kambini tumeshapewa. Sijui Byamukama atatupokeaje. Sijui Eliya ataniitaje akishapigiwa simu, kama ataniita dada tena. Usiku nawaza labda nitapata homa, labda mvua itakata barabara. Bado naitafuta sababu, unaona jinsi nilivyo.

Wewe unayepanga kuwapeleka wazazi wako matembezi, uende, ni jambo jema. Lakini mtu wa nyumbani akikwambia yeye abaki, mwache abaki. Usipime afya ya watu kwa hamu yako. Na kama umeshakosa, kimbia ukaseme siku hiyohiyo, hata kama utapigwa, hata kama utafungwa. Usingoje mpaka asiye na kosa avue kofia akuombe wewe msamaha.